Maji kabla ya kifusi: jinsi dampo la mabaki ya makaa ya mawe linavyopangwa

Malori yanayoleta makaa ya mawe Mtwara kutoka Mbinga, yakipitia Songea, Tunduru na Masasi, yamewazoesha wakazi wa kusini kuyaona makaa hayo kama mzigo wa njiani: yanafika, yanarundikwa kwa muda, yanapakiwa melini na kuondoka. Mzigo wa namna hiyo una adha zake, hasa vumbi, lakini hauhitaji makazi ya kudumu. Suala la makazi ya kudumu huanza pale makaa yanapooshwa, yanapochambuliwa au yanapochomwa kwa wingi mahali pamoja, kwa kuwa kila moja ya shughuli hizo huacha kitu kisicho na mnunuzi. Kwa kuwa Serikali imepanga bandari mahususi ya mizigo michafu, makaa yakiwemo, huko Kisiwa Mgao, na kwa kuwa viwanda hupenda kuufuata mzigo, si mapema mno kueleza jinsi wahandisi wanavyochagua na kuandaa mahali pa kuyaweka mabaki hayo. Makala haya hayahusu mradi wowote uliokwisha kutangazwa. Yanahusu kanuni za kazi hiyo, na ardhi ya Mtwara na Lindi ambayo kanuni hizo zingelazimika kukutana nayo.

Mabaki yenyewe yana aina tatu ambazo hazifanani tabia. Kuna kifusi cha mawe na udongo mgumu uliochimbwa pamoja na makaa. Kina vipande vikubwa, hupitisha maji kwa kiasi, na kikishindiliwa vizuri hubeba uzito mkubwa. Kuna tope linalobaki baada ya makaa kuoshwa, lenye chembe ndogo mno ambazo hushikilia maji kwa miaka mingi hata pale uso wake unapoonekana umekauka na kupasuka. Kisha kuna majivu, mepesi na laini, yanayopeperuka yakiwa makavu na kuteleza yakiwa yamelowa. Viwanda vya saruji vina nafuu katika hili, kwa sababu majivu ya makaa yanayochomwa katika tanuri la klinka, yaani vibonge vilivyookwa ambavyo husagwa kuwa saruji, huingia ndani ya klinka yenyewe. Mtambo wa umeme hauna nafuu hiyo.

Mpangaji mwenye haraka huhesabu tani za mabaki yatakayozalishwa katika miaka 20, kisha hutafuta bonde lenye nafasi ya kuzitosha. Nafasi ni jambo rahisi kuliko yote. Gumu ni kujua maji yataingia wapi, yatakaa wapi na yatatokea wapi, kwa sababu lundo la mabaki husimama au kuporomoka kwa ajili ya maji yaliyomo ndani yake na chini yake.

Sababu inaelezeka kwa hesabu nyepesi. Chukua lundo la kifusi lenye kimo cha mita 20, ambalo kila mita yake ya ujazo ina uzito wa tani 1.8. Kila mita ya mraba ya sakafu hubebeshwa tani 36, na uzito huo ndio unaozibana chembe ili zisiteleze moja juu ya nyingine. Msuguano wao ndio unaolisimamisha lundo. Sasa maji yapande ndani ya lundo hadi mita 10 kutoka sakafuni. Maji hayo, yakiwa ndani ya matundu yaliyo kati ya chembe, huzisukuma chembe zisigandamane kwa nguvu inayolingana na tani 10 kwa kila mita ya mraba, na uzito unaobaki kuzibana ni tani 26. Lundo halijaongezwa wala kupunguzwa hata koleo moja, mteremko wake ni uleule, na mpita njia haoni badiliko lolote. Hata hivyo msuguano wa sakafuni umepungua kwa zaidi ya robo. Kanuni hii iliwekwa wazi na mhandisi Karl Terzaghi katika miaka ya 1920, na uhandisi wa udongo tunaoujua leo umejengwa juu yake.

Wahandisi hulinganisha nguvu inayouzuia mteremko na nguvu inayouvuta chini, na uwiano wa nguvu hizo mbili huitwa kigezo cha usalama. Kikiwa 1, mteremko uko ukingoni. Kwa dampo la kudumu, kiwango kinachotumika sana ni angalau 1.5 katika hali ya kawaida, na takriban 1.2 wakati ardhi inapotetemeka. Asiye mhandisi huweza kuona 1.5 ni woga wa kupoteza fedha. Arudie hesabu ya hapo juu: lundo lililosanifiwa kwa kigezo cha 1.3, likipoteza robo na zaidi ya msuguano wake, hushuka chini ya 1 na kuporomoka; lenye 1.5 hubaki limesimama, tena kwa shida. Hesabu halisi hufanywa kwa kompyuta, kipande kwa kipande, katika mamia ya mikondo ambayo lundo lingeweza kuifuata likiteleza, lakini jibu halibadiliki sura.

Mfano ambao kila mwanafunzi wa fani hii hufundishwa ni Aberfan, kijiji cha wachimbaji huko Wales. Asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 1966, dampo namba 7, lililoanzishwa mwaka 1958 kwenye mlima ulio juu ya kijiji, liliporomoka baada ya siku za mvua, likatiririka kama uji mzito na kuifunika shule ya msingi ya Pantglas. Watu 144 walikufa, 116 kati yao wakiwa watoto. Dampo lilikuwa limewekwa juu ya chemchemi. Chemchemi hizo zilikuwemo kwenye ramani, wanakijiji walizijua, na malalamiko yalikuwa yamekwisha kufikishwa kwa wahusika. Tume iliyoongozwa na Jaji Edmund Davies iliibebesha lawama Bodi ya Taifa ya Makaa ya Mawe, na mwaka 1969 Uingereza ikatunga sheria mahususi ya madampo ya migodi. Kinachopaswa kumkera msomaji ni kwamba hakuna sayansi mpya iliyohitajika kuwaokoa watoto wale. Ilitosha kuuliza maji yale yanakwenda wapi, kisha kulihesabu jibu.

Marekani ilipata somo lake huko Buffalo Creek, West Virginia, tarehe 26 Februari 1972, pale bwawa lililojengwa kwa kifusi cha makaa lilipopasuka na kuua watu 125. Ukuta wa bwawa hilo ulikuwa umeegeshwa juu ya tope laini la mabwawa yaliyotangulia, na haukuwa na njia ya kutosha ya kupitishia maji ya ziada. Tarehe 22 Desemba 2008, huko Kingston, Tennessee, lundo la majivu yaliyolowa lilimwagika kwa zaidi ya mita za ujazo milioni 4. Wachunguzi walikuta tabaka jembamba la majivu laini sana karibu na sakafu, ambalo lilikuwa limezikwa humo kwa miongo bila mtu kulipima nguvu zake. Hapa nchini, tarehe 7 Novemba 2022, ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, Kishapu, ulipasuka na tope likafika kwenye mashamba na makazi. Tope la almasi si la makaa, lakini mgandamizo wa maji hauchagui madini.

Ardhi ya Mtwara na ardhi ya Lindi

Mvua inayonyesha juu ya uwanda wa Makonde, kuanzia Newala na Tandahimba ukishuka taratibu kuelekea baharini, haitengenezi mito ya maana. Huzama kwenye mchanga mwekundu, husafiri chini kwa chini, kisha hutokea kwenye miteremko na mabondeni. Ndiyo maana vijiji vya juu vimetaabika kwa uhaba wa maji tangu zamani, watu wakishuka bondeni kuyachota, huku maji mengi yakiwa yamelala chini ya miguu yao. Mji wa Mtwara nao hutegemea visima, vile vya Mtawanya vikiwa maarufu zaidi.

Kwa mtu anayejali uthabiti wa lundo pekee, mchanga huo mnene ni msingi wa kutamanika, kwa sababu maji yanayoshuka ndani ya lundo hupata njia ya kutoka na shinikizo halijengeki kwa urahisi. Kwa mtu anayekunywa maji ya kisima, ni kinyume chake. Makaa na miamba yake mara nyingi huwa na pairaiti, madini ya chuma na salfa ambayo yakikutana na hewa na maji hutoa asidi, na asidi hiyo huyeyusha chuma, manganizi na metali nyingine zilizomo kwenye kifusi. Majivu yanaweza kuachia aseniki, boroni na seleni. Kinachopenya mchanga kwa urahisi hufika kwenye maji ya ardhini kwa urahisi uleule.

Hapo ndipo penye fundo gumu kuliko yote katika upangaji huu. Ili kuyalinda maji ya ardhini, sakafu ya dampo huzibwa kwa tabaka la udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, na juu yake utando mnene wa plastiki. Kizibo hicho kikifanya kazi yake vizuri, maji ya mvua yaliyozama ndani ya lundo hayana pa kwenda: hupanda juu ya kizibo, na zile tani 10 za hesabu yetu huanza kujijenga. Isitoshe, uso wa plastiki ni laini, na mfinyanzi uliolowa ulioshikana nao huwa na msuguano mdogo kuliko kifusi chenyewe, hivyo mhandisi aliyelinda visima huwa amelitandikia lundo mahali pa kutelezea. Suluhisho linalojulikana ni kuweka juu ya kizibo tabaka la kokoto safi lenye mabomba yenye matundu, linalokusanya maji na kuyapeleka kwenye bwawa la kutibia kabla ya kuachiwa. Kutumia plastiki yenye uso wa kukwaruza. Na kuipima mipaka hiyo ya matabaka maabara, kila mmoja peke yake, kwa sababu lundo huteleza pale palipo dhaifu kuliko pote. Tabaka la kokoto nalo lazima lifunikwe kwa kichujio cha mchanga au kitambaa maalumu, la sivyo chembe laini zitaliziba katika misimu michache na kulifanya pambo. Mradi unaoeleza kwa kirefu ubora wa utando wake na kukaa kimya kuhusu mabomba yaliyo juu yake umefanya nusu ya kazi, na pengine nusu ya hatari zaidi.

Ukielekea kaskazini, kutoka Lindi hadi Kilwa, hali hugeuka. Sehemu kubwa ya ukanda huo imelala juu ya matabaka ya mfinyanzi ambayo wanajiolojia huyaita Kundi la Kilwa. Mfinyanzi huzuia maji, kwa hiyo visima vina kinga ya asili, lakini mfinyanzi huo huo hutaka subira. Ukiubebesha uzito ghafla, maji yaliyomo ndani yake hubeba uzito huo kwanza, na huchukua miezi au miaka kupenya hadi nje ili chembe zipate kushikana. Dampo linalojazwa mita 15 katika mwaka mmoja linaweza kuporomoka mahali ambapo lile lile, likijazwa kwa miaka sita, lingesimama bila tatizo. Katika ardhi ya namna hiyo, kasi ya ujazaji ni sehemu ya usanifu sawasawa na mteremko, na haipasi kuachiwa meneja anayefukuzana na meli.

Chokaa ni habari nyingine. Maji ya mvua huila polepole na kuacha uwazi ndani, jambo ambalo waliowahi kuingia mapango ya Nang'oma wilayani Kilwa hawahitaji kuelezwa, na miamba ya matumbawe ya ufukweni nayo ina mashimo yake. Tarehe 11 Oktoba 2000, katika Martin County, Kentucky, bwawa la tope la makaa lilitoboka sakafuni na zaidi ya lita bilioni 1 zikatumbukia kwenye mgodi wa zamani uliokuwa chini yake kabla ya kutokea kwenye vijito. Pale uwazi ulichimbwa na watu. Huku kwetu maji yamekwisha kuuchimba. Eneo la chokaa halifai kwa dampo la tope, na ningeliondoa kwenye orodha kabla ya kutumia shilingi ya kwanza ya uchunguzi.

Kuichunguza ardhi

Uchunguzi huanza mezani, kwa ramani za jiolojia, picha za anga na kumbukumbu za mvua, kisha huenda kijijini. Wazee wanaojua chemchemi inayokauka Septemba na kurudi Februari, au mahali ambapo visima vya kuchimbwa kwa mkono huporomoka kila mwaka, wana takwimu ambazo mtambo wa kuchoronga hauwezi kuzipata kwa wiki mbili. Taarifa zao zapaswa kuandikwa kwenye ramani pamoja na vipimo, wala zisiishie kwenye kiambatisho cha ushirikishwaji wa jamii.

Uchorongaji hufuata. Mashimo hushushwa hadi kwenye tabaka gumu, au hadi kina kinachokaribia kimo cha lundo, kwa kuwa uzito wa lundo pana huhisiwa mbali chini. Kila baada ya mita moja au mbili hufanywa kipimo cha kugonga, ambapo nyundo ya kilo 63.5 huangushwa kutoka sentimita 76 na mapigo yanayohitajika kukizamisha kifaa sentimita 30 huhesabiwa. Mapigo machache katika mchanga uliolowa wa bonde la mto, kama lile la Lukuledi, ni ishara kwamba mchanga huo unaweza kupoteza nguvu zote ukitikiswa. Sampuli zisizovurugwa hupelekwa maabara na kubanwa hadi zivunjike, maji yaliyomo yakipimwa shinikizo lake. Mabaki yenyewe nayo hupimwa vivyo hivyo, jambo linalosahaulika mara nyingi kuliko inavyostahili.

Kitu kimoja cha kalenda kina uzito kuliko vifaa vyote hivyo. Mikoa ya Lindi na Mtwara ina msimu mmoja mrefu wa mvua, unaoanza kati ya Novemba na Desemba na kumalizika Aprili au Mei. Wakandarasi hupenda kuchoronga Agosti hadi Oktoba, barabara zikiwa kavu, na kina cha maji walichokikuta huandikwa kwenye ripoti kana kwamba ndicho kina cha maji cha mahali hapo. Hicho ni kina cha Oktoba. Mashimo yanapaswa kuachiwa mabomba ya kupimia, na maji yasomwe kila mwezi kwa angalau mwaka mzima, usomaji wa Aprili ukiwa ndio unaoingia kwenye hesabu za uthabiti.

Kujenga, kupima, kufunga

Kifusi hakimwagwi kutoka juu ya mteremko, ingawa ndiyo njia ya bei rahisi. Kikimwagwa hivyo, mawe makubwa hubingirika hadi chini, chembe laini hubaki juu, na lundo zima huwa legelege lenye njia nyingi za hewa. Hewa ikikutana na makaa yaliyobaki, joto hujengeka hadi lundo kuwaka lenyewe kwa ndani, na moto wa aina hiyo unaweza kudumu miaka. Kifusi kinachotandazwa kwa tabaka za sentimita 30 hivi na kushindiliwa hadi takriban asilimia 95 ya msongamano wa juu wa maabara hupata faida tatu kwa gharama moja: huwa imara, hupitisha maji kidogo, na hunyima moto pumzi. Tope halichanganywi humo likiwa bichi. Hukamuliwa maji kwa mashine kwanza, au huwekwa kwenye bwawa lake lenye usanifu wake na sheria zake. Miteremko ya nje huwekwa kwa uwiano wa mita 2 hadi 3 za mlalo kwa mita 1 ya wima, ikikatwa na ngazi zenye mitaro.

Ukubwa wa mitaro hiyo hautokani na wastani wa mvua. Mvua ya milimita 100 ikinyesha juu ya dampo la hekta 20 huleta mita za ujazo 20,000, bila kuhesabu maji yanayoteremka kutoka kilima cha jirani, ambayo yanapaswa kuzungushwa yasiliguse dampo kabisa. Pwani hii si mgeni wa vimbunga: Lindi ilipigwa mwaka 1952, Kenneth kilitua Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma, Aprili 2019, na mvua za Hidaya, Mei 2024, zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam katika eneo la Somanga. Kalavati la barabara likisombwa, magari husubiri upande wa pili. Mtaro wa dampo ukizidiwa, maji huingia ndani ya lundo.

Ndani ya lundo na chini yake huzikwa pizomita, vifaa vinavyosoma shinikizo la maji, na kwenye miteremko huwekwa alama za kupima msogeo. Vifaa hivyo havina thamani bila mambo mawili yaliyoandikwa kabla ya kazi kuanza: namba ambayo ikifikiwa ujazaji unasimama, na cheo cha mtu mwenye mamlaka ya kuusimamisha bila kuomba ruhusa ya idara ya uzalishaji.

Kisheria, mradi wa namna hii hupitia Tathmini ya Athari kwa Mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayosimamiwa na NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, na kutiririsha maji yake kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, ambayo ofisi yake iko Mtwara. Mikutano ya wananchi katika hatua hiyo huelekea kutawaliwa na fidia na ajira, mambo ya haki kabisa. Mwenye nafasi ya kuuliza swali moja zaidi aulize maji ya ardhini yalipimwa mwezi gani.

Ujazaji ukiisha, lundo hufunikwa kwa udongo usiopitisha maji kirahisi na tabaka la juu la kuoteshea, na usomaji wa pizomita huendelea kwa miaka, kwa fedha iliyotengwa mapema maana wakati huo mapato yamekwisha kukoma. Kusini, wazo la kwanza la kila mtu litakuwa kupanda mikorosho, kwa kuwa inaota hata kwenye mchanga duni na kijiji kingepata zao. Mkorosho una mzizi mkuu unaokwenda chini sana, na mti ukifa mzizi huo unaacha tundu linaloishia ndani ya mabaki, ambalo mvua ya Januari hulitumia vizuri. Juu ya dampo huoteshwa nyasi zenye mizizi mifupi na mingi. Mikorosho ipandwe pembeni, nje ya mtaro wa mwisho.